Maji Mekundu Chini ya Bwawa la Tano

Nimestaafu nikiwa na jozi mbili za buti, moja nzima na moja inayovuja. Nyinyi mliobaki uwanjani mliniomba, siku ile ya kuagana, niandike kidogo yale niliyoyaona, maana wengi wenu mnadhani kazi yangu miaka yote ilikuwa kutoa mipira majini. Ni kweli nilitoa mipira mingi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa maji. Mipira ilikuwa uchafu unaoingia humo, kama majani.

Kwa asiyeujua uwanja wetu wa gofu: uko bondeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Kwai. Una mashimo tisa, na mchezaji huyazunguka mara mbili. Ni uwanja wa umma, yeyote anaweza kuingia, akaazima fimbo pale kibandani, akacheza. Kijito kinachoshuka kutoka msituni kimezuiwa mara saba kwa matuta ya udongo, kwa hiyo tuna mabwawa saba, moja juu ya jingine kama ngazi. Wageni huamini yalichimbwa ili kuwatesa. Yalichimbwa na wakulima, kwa ajili ya mboga, na mpaka leo maji yakitoka kwetu huingia kwenye mifereji ya watu wa chini, kwenye kabichi na karoti zao. Gofu ilikuja baadaye ikayakuta.

Siku yangu ya kwanza nilifika na kandambili, nikidhani nitafyeka nyasi. Nilipelekwa kwa Mzee Laurenti, mtu wa Songea ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye chai kule Bulwa, akitunza maji ya kiwanda. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Anayejua kuogelea haogopi maji. Mimi nataka mwenye woga."

Akanipa kopo na saa ya mkononi isiyo na mkanda. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyangu vya kwanza, kabla ya wavu, kabla ya buti. Alinishusha nyuma ya tuta la bwawa la kwanza, mahali ambapo mchezaji hafiki, akanionyesha mchirizi mwembamba wa maji unaotoka chini ya nyasi.

"Tuta la udongo linatoka jasho, kama mtu," alisema. "Jasho si ugonjwa. Kila asubuhi kinga kopo hapa, hesabu linachukua muda gani kujaa, kisha yatazame maji. Yakiwa meupe, nenda kanywe chai. Yakiwa na udongo, ujue tuta linaliwa kwa ndani."

Kwa mwaka mzima nilimwona mzee huyu kama mtu aliyezoea kiwanda akashindwa kukiacha. Matuta saba, makopo saba, kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Baadaye ndipo aliponifundisha habari ya mipira: kwamba usimtazame mchezaji anapopiga, tazama maji, kwamba mpira ukizama, unachomeka kibendera pale ulipokatia ukingo, kwa sababu mchezaji ataanza tena kwa kufuata alama hiyo na ataongezewa pigo moja la adhabu. Hapo ndipo nilipowajua watu. Madaktari, wachungaji, mashehe, wote wakifika kando ya maji huwa wameona mpira ukikata mbele zaidi kuliko nilivyoona mimi.

Mzee Laurenti alikaa nami miaka sita, kisha magoti yakamkataa akaenda kuishi kwa binti yake Korogwe. Nikabaki na makopo.

Sasa niwaeleze siku ambayo mmeisikia kwa vipande vipande, kila mmoja kwa namna yake.

Ilikuwa mwishoni mwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, ikakatika alfajiri ya siku ya mashindano, na kila mtu akasema ni bahati. Meneja wetu, Bwana Sufiani, alikuwa amehangaika miezi kuwapata wageni kutoka Tanga na Arusha. Alikuwa mtu mwema, na nataka mlijue hilo kabla hamjasoma aliyoyasema. Asubuhi ile aliniambia nisaidie kupanga viti na kusimika bendera, nami nikapanga viti. Makopo sikuyakinga. Naliandika hili hapa ili mlisome mara mbili.

Kundi la mwisho lilikuwa la watu wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Hoza, mwalimu wa hesabu kutoka Gare, aliyekuwa akicheza kwa fimbo tano ambazo hakuna mbili zilizotoka kiwanda kimoja. Wa pili alikuwa Daktari Mallya, mgeni kutoka Tanga, mwenye mfuko kamili, kedi wa kuubeba, na glavu nyeupe mkono wa kushoto. Mimi nilitembea nao na wavu wangu na vibendera, na nyuma yetu lilifuata kundi la watazamaji, wengi wao watu wa Gare, maana hapakuwa bado na mtu wa milima hii aliyewahi kushinda pale.

Mzunguko wa kwanza, tulipopita shimo la nne, niliangaza chini ya tuta la bwawa la tano. Maji ya mchirizi yalikuwa yamepauka, kama yametiwa udongo kidogo. Nikajiambia ni mvua. Nikaendelea kutembea.

Walimaliza mzunguko huo wakiwa sawa. Mzunguko wa pili, shimo la tatu, mpira wa Daktari ulizama, na Mwalimu akawa mbele kwa pigo moja. Watu wa Gare walianza kunong'ona Kishambaa, kisha wakanyamazishana wenyewe. Tulipofika la nne nilishindwa kujizuia. Niliacha njia, nikashuka nyuma ya tuta.

Maji yalikuwa mekundu. Hayakuwa yamepauka tena. Yalikuwa mekundu kama barabara ya Lushoto wakati wa mvua. Nilikuwa na kopo dogo mfukoni mwa koti, nikakinga. Mchirizi ule siku zote nilihesabu hadi thelathini na tano kabla kopo halijajaa. Lilijaa nikiwa kwenye kumi na mbili. Nikamwaga, nikasema nimehesabu vibaya kwa woga, nikakinga tena. Kumi na moja.

Nilipoinua macho niliona nyumba nne za bati kule chini, moshi ukitoka kwenye moja. Iliyo karibu zaidi na tuta ni ya shangazi yangu, Mwanaidi, dada wa marehemu baba.

Nilipanda mbio kumtafuta meneja, nikamvuta pembeni.

"Bwana Sufiani, tuta la tano linaliwa. Lazima tufungue lango sasa hivi."

Lango lile ni la chuma, lina gurudumu. Likifunguliwa, maji hutoka kwa mfereji wa zamani unaozunguka mbali na nyumba. Shida ni kwamba waliojenga uwanja waliuotesha nyasi mfereji ule, wakaufanya shimo la nane.

Meneja alitazama wageni wake, akateremsha sauti. "Zubeda, ukifungua lango shimo la nane limekwenda. Na mashindano yamekwenda. Wamebakiza mashimo matano. Wakishapita la nane, nitakuja mwenyewe tufungue."

"Hiyo ni zaidi ya saa moja."

"Tuta hilo limesimama tangu hatujazaliwa. Litasimama saa moja." Kisha akaongeza, polepole, "Najua nyumba ya shangazi yako iko pale. Hofu ya nyumba moja isituharibie siku ya watu wote."

Nilijiuliza kama ni kweli: je, pale chini pangekuwa na mtu nisiyemjua, ningekimbia hivi? Nikachukua wavu wangu nikarudi kwa wachezaji. Nawaambia ukweli, nilirudi.

Shimo la tano walivuka wote salama. La sita, Daktari alipiga mpira ukaingia majini, nami nikachomeka kibendera bila kujua nakichomeka wapi. Mwalimu Hoza alisogea karibu yangu.

"Bi Zubeda, umemsaidia mgeni hatua kumi. Leo macho yako hayapo hapa."

"Nisamehe, Mwalimu." Nikakirudisha kibendera mahali pake, Daktari akakubali.

Wakati wakimalizia shimo hilo nilisimama nyuma ya mti wa mgrivea nikampigia simu Mzee Laurenti. Alipokea mara ya pili.

"Mzee, mchirizi wa tano ni mwekundu."

"Kopo?"

"Kumi na moja."

Nikasikia akiizima redio. "Meneja anasemaje?"

"Anasema tusubiri wamalize. Wewe unasemaje, mzee?"

"Mimi niko Korogwe, mwanangu. Ninachokiona hapa ni ukuta wa sebule. Wewe unaona nini?"

Nilitaka aniambie fungua. Nilitaka siku ile iwe ya mtu mwingine. Hakuniambia, na sikumpenda kwa muda ule.

Tulipofika mwanzo wa shimo la saba, Mwalimu alikuwa bado mbele kwa pigo moja, maana la sita naye alikosa tundu kwa karibu. Mbele yake kulikuwa na bwawa la sita, pana kuliko yote, na watu wamesimama kimya mpaka unasikia vyura. Aliweka mpira, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama, akasogea tena. Alipoinua fimbo ndipo niliposema.

"Mwalimu, usipige."

Ninyi mnajua hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Watu wote waligeuka. Kedi wa Daktari alifungua mdomo akausahau wazi.

"Chini ya tuta la tano kuna nyumba nne," nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Tuta linaliwa kwa ndani. Nakwenda kufungua lango, na peke yangu siliwezi."

"Zubeda!" Bwana Sufiani alikuwa anakuja mbio.

Mwalimu aliushusha mkono. Alinitazama mimi, akamtazama meneja, akatazama mpira wake. "Una hakika?"

"Nina hakika na maji. Tuta silioni ndani."

Aliinama akauokota mpira, akautia mfukoni. Aliyeokota mpira akaacha mchezo katikati kwa ridhaa yake amejitoa mashindanoni, na mwalimu wa hesabu analijua hilo kuliko wengi. Nyuma yetu mzee mmoja wa Gare alisema, "Mgosi, bwana, unafanya nini!" Mwalimu hakugeuka.

"Lango liko wapi?"

Tulikimbia. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu. Nililitia mafuta mwaka uliotangulia na nikajisifu. Mafuta ya mwaka jana hayafungui kitu. Tulisukuma wawili likakataa. Mwalimu akachomoa fimbo yake ndefu ya chuma, akaipitisha kwenye gurudumu, tukainyonga. Fimbo ilianza kupinda. Daktari Mallya alifika, akauliza swali moja tu, "Kuna watu chini?" Nikasema wapo. Akashuka mteremko yeye na kedi wake, na glavu yake nyeupe, kwenda kuwatoa.

Kisha mikono mingine miwili ikashika gurudumu pembeni ya yangu. Ilikuwa ya Bwana Sufiani. Alikuwa amevua koti. Hakuniangalia. Alisema tu, "Moja, mbili," tukavuta pamoja, na lango likalia, likasogea.

Maji yalitoka kwa kishindo. Yaliingia shimo la nane, yakabeba mchanga, yakafika kwenye grini mpya, ile nyasi fupi inayozunguka tundu, tuliyoimwagilia kwa miezi minne, nyasi zikaviringika kama mkeka. Mimi niligeuza mgongo nikashuka na kopo.

Saa mbili zilizofuata sitaki kuzirudia hata kwa kalamu. Bwawa lilishuka taratibu, na mchirizi ukabaki mwekundu. Kumi na mbili. Kumi na moja tena. Juu ya tuta, kwenye nyasi, ulitokea mstari wa ufa mrefu kama mkono wangu, nami nikachomeka vibendera ncha zote mbili ili nione kama unakua. Ulikua, ukapita kibendera kimoja. Kule chini nilimwona Daktari akigonga milango, watoto wakimcheka glavu, mama mmoja akitoka na mbuzi wake bila haraka yoyote. Kedi alipanda kunipa habari: nyumba tatu zimetoka, ya nne imefungwa, majirani wanasema mwenyewe amekwenda gulioni. Nikashukuru Mungu kwamba shangazi anapenda gulio.

Alasiri kopo lilifika kumi na tano. Kisha ishirini. Maji yakaanza kupauka. Ufa ukasimama palepale. Tuta halikubomoka.

Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu hapakutokea kitu. Watu waliona shimo lililoharibika, wageni walioondoka bila kikombe kukabidhiwa, na matuta mawili ya kabichi za shangazi yangu, yaliyokuwa mwisho wa mfereji ule, yamelala kwenye tope. Maji niliyoyafungulia kuiokoa nyumba yake yaliua kabichi zake. Alituma ujumbe kwa mke wa kaka yangu kwamba mimi nisikanyage kwake. Kazini nilihamishiwa kwenye maua. Bwana Sufiani hakunitetea wala hakunishtaki. Kwenye kikao cha uwanja alisema, "Gurudumu nililishika na mimi," akakaa.

Julai mashindano yalirudiwa. Mwalimu Hoza alicheza kwa fimbo nne, akashindwa kwa mapigo matatu. Nilimfuata pale kibandani alipokuwa akifungua viatu, nikamwomba radhi kwa ile siku.

"Acha, Bi Zubeda. Siku ile mikono ilikuwa inanitetemeka. Mpira ule ningeuzamisha tu."

Nilimshukuru. Nilikuwa nimetembea naye mashimo kumi na tano siku ile, na sikuwa nimetoa majini mpira wake hata mmoja.

Kiangazi kilipokaza, mafundi walikuja kulichimba tuta. Waliniita kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mchirizi ulikuwa unatokea wapi. Katikati ya tuta walikuta tundu ambalo mkono wangu uliingia mpaka begani. Lilikuwa laini ndani, na pembeni yake lilikuwa na maganda meusi, yanayovunjika kama makaa. Fundi aliyanusa akasema, "Mzizi. Palikuwa na mti mkubwa hapa?"

Nikakaa chini. Palikuwa na mti. Mkaratusi mmoja mnene ulisimama juu ya tuta la tano, ukiwaziba wachezaji wasione bendera ya shimo la nne, na kujaza majani bwawani. Mzee Laurenti alikuwa akiniambia mti mkubwa kwenye tuta uachwe, maana ukikatwa mizizi huoza na kuacha njia kwa maji. Mwaka uliofuata kuondoka kwake niliukata. Wachezaji walinipongeza. Nilipiga picha na kisiki.

Ningeweza kunyamaza. Mafundi hawakujua ni nani aliyeukata, na kisiki kilikwisha oza zamani. Siku mbili nilinyamaza. Siku ya tatu nilikwenda kwa Bwana Sufiani nikamwambia, akaniambia niseme kikaoni, nikasema. Walinirudisha kwenye mabwawa. Sijui kama ilikuwa msamaha au ni kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye makopo.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa shangazi bila kualikwa. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilimwamkia, akaitika kwa sauti ya chini, bila kuniambia nikae. Tulizungumza Kishambaa, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Shangazi, nimekuja kukuambia kitu. Tuta lile lingekuja juu ya nyumba yako, na mwenye kosa ni mimi. Niliukata mti ambao sikupaswa kuukata."

Aliendelea kumenya. Kiazi kimoja, cha pili.

"Siku ile walisema nimekwenda gulioni," alisema.

"Ndiyo. Daktari alibisha hodi kwako, majirani wakamwambia hupo."

"Nilikuwa ndani."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa na homa tangu jana yake. Nimejifunika mablanketi mawili, mlango nimeutia komeo. Nilisikia mtu anagonga, anapiga kelele kwa Kiswahili cha mjini, nikasema huyu ni muuza vyandarua, akichoka ataondoka."

"Shangazi! Kwa nini hukuniambia miezi yote hii?"

"Nilikuwa na hasira ya kabichi."

Nikashika mlango. Yeye alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, akanitazama sana, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka na kunipa kisu cha pili. Nikakaa. Tulimenya viazi mpaka sufuria ikajaa na kufurika, na hakuna kati yetu aliyeuliza ni nani atakayevila vyote.